Modeli yangu inasema uchafu utaondoka kwa asilimia 103. Nimekosea wapi?

Swali: "Nafanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu kusafisha majitaka ya kiwanda cha maziwa kwa kutumia shabu. Nilifuata mpango wa majaribio uitwao Box-Behnken, wenye vigeu vitatu: pH ya kuanzia (5.5 hadi 8.5), kiasi cha shabu (miligramu 50 hadi 250 kwa lita) na muda wa kukoroga polepole (dakika 10 hadi 30). Nilijaza pipa moja Jumatatu, nikafanya bika (vyombo vya kioo vya majaribio) tatu kila siku hadi Ijumaa, jumla 15. Nilianza na pH 8.5 na kumalizia na 5.5 ili nisihangaike kubadili pH kila mara. Bika tatu za katikati, zenye vigeu vyote kwenye thamani ya kati, nilizifanya zote Jumatano. Ukungu wa maji nilipima mara tatu kwa kila bika, nikachukua wastani. Programu ilinipa mlinganyo wenye R² ya 0.98, ikasema hali bora ni pH 5.9, shabu miligramu 190 na dakika 24, na kwamba hapo ukungu utaondoka kwa asilimia 103.6. Nilichota pipa jipya, nikajaribu hali hiyo katika bika tatu: nilipata 71, 69 na 74. Msimamizi wangu anasema niongeze majaribio. Mwenzangu anasema nihamie kwenye mtandao wa neva bandia, yaani programu inayojifunza yenyewe kutoka kwenye data. Nimebakiza wiki nne za maabara. Je, modeli ni mbovu, au nilikosea kupima?"

Ndugu yangu, pole kwa kazi, na asante kwa kueleza kila kitu mpaka mpangilio wa siku. Wengi huniletea mlinganyo peke yake bila kusema maji yalikaa wapi na kwa muda gani. Nianze na hofu yako ya mwisho: hukukosea kupima. Bika zako tatu za uthibitisho zimetoa 71, 69 na 74, namba zinazokaa jirani. Mkono unaotetemeka hautoi majibu yanayokubaliana hivyo. Yaliyokukuta ni mambo mawili tofauti yaliyogongana siku moja. Hiyo 103.6 ni tatizo la hesabu, na hiyo 71 ni tatizo la maji. La kwanza linatibika kwa nusu saa. La pili litakula wiki zako nne, na ndilo lenye manufaa kwa utafiti wako.

Tumalize la hesabu. Mlinganyo uliopewa ni wa daraja la pili, mkunjo wenye umbo la bakuli lililofunikwa. Mkunjo huo haujui kwamba mtu hawezi kutoa uchafu mwingi kuliko uliokuwamo. Ukiwa na bika mbili tatu zilizofika 95 na zaidi, kilele chake kinaweza kupita 100 na programu isiseme neno. Dawa yake ni kuacha asilimia. Chukua ukungu uliobaki kwa NTU (kizio cha kupimia ukungu wa maji), utafutie logi asilia, kisha jenga modeli juu ya logi hiyo. Ukirudisha jibu kutoka kwenye logi, haliwezi kushuka chini ya sifuri. Tena asilimia huficha mengi. Maji ya NTU 400 yaliyosafishwa kwa asilimia 90 yamebaki na 40. Ya NTU 50 yamebaki na 5. Kwenye jedwali lako hayo yanaonekana mapacha, lakini mto utakaoyapokea utaona tofauti. Na hatua ya kutoka 90 hadi 99 huonekana ndogo kwenye mchoro, ilhali uchafu uliobaki umepungua mara kumi.

Sasa hiyo R² ya 0.98, ambayo nadhani ndiyo iliyokupa moyo wa kwenda kuthibitisha. R² ni sehemu ya tofauti za data ambayo mlinganyo unaieleza; 1 ni yote. Mlinganyo kamili wa vigeu vitatu una namba 10 za kutafutwa: moja ya kuanzia, tatu za mstari, tatu za mraba na tatu za mwingiliano. Wewe una bika 15. Ukitoa 10, zinabaki tano tu za kuupinga mlinganyo. Jaribu hili jioni moja: rusha dadu mara 15, ingiza majibu kwenye mpango wako uleule badala ya data, kisha rudia mara nyingi. R² itakuwa kwa wastani 9 kwa 14, yaani karibu 0.64, na hapo hakuna uhusiano wowote kati ya shabu na dadu. Kwa hiyo safari yako ya kufika 0.98 haikuanzia sifuri.

Kwenye jedwali hilohilo la programu kuna R² ya utabiri. Hupatikana kwa kuondoa bika moja, kujenga modeli upya kwa zilizobaki, kisha kuitaka itabiri ile iliyoondolewa. Katika mpango wako kila bika kati ya zile 12 za pembeni huuvuta mkunjo upite karibu nayo kwa nguvu ya 0.75, kwa hiyo ukiiondoa kosa lake hukua mara nne. Mpango wa bika 15 wenye R² ya 0.98 unaweza kuwa na R² ya utabiri popote kati ya takriban 0.68 na 0.95. Itafute namba hiyo, na uiandike kwenye tasnifu bila kujali inasema nini. Ila nikuambie ukweli: hata ingekuwa 0.95 isingekuokoa, kwa sababu bika inayoondolewa na zile 14 zinazobaki zimetoka pipa moja.

Twende kwenye hilo pipa, maana hapo ndipo penye kiini.

Majitaka ya maziwa hayakai kimya. Yana sukari ya laktosi na bakteria wa kutosha, na ndani ya siku moja au mbili laktosi hiyo inageuka asidi ya laktiki. pH inashuka. Kinachoshuka pamoja nayo, bila kuonekana kwenye kipimo cha pH, ni ualkali, yaani uwezo wa maji kumeza asidi bila pH kuporomoka. Kisha kuna kaseini, protini kuu ya maziwa. Chembe zake huelea kwa sababu zina chaji hasi zinazosukumana. Karibu na pH 4.6 chaji hiyo hutoweka, kaseini inashikana na kuzama yenyewe. Ndiyo sababu maziwa yaliyochacha huganda bila mtu kuyatia kitu.

Sasa tazama ulivyopanga siku zako. Jumatatu, maji mabichi, pH 8.5. Ijumaa, maji yaliyochacha, pH 5.5. Katika data yako "pH ndogo" na "maji ya siku ya tano" ni kitu kimoja, na hakuna hesabu itakayovitenganisha. Programu iliona bika za mwisho zimesafika vizuri, ikaipa pH sifa zote, kwa kuwa siku ya wiki haikuwa na safu kwenye jedwali.

Kuna jambo la pili, la ndani zaidi, na hili hukamata hata wazoefu. Kigeu ulichokiita pH ni pH ya *kuanzia*. Shabu hailali kwenye pH hiyo. Alumini ikiingia majini inageuka haidroksidi na kuachia asidi, na kila miligramu moja ya shabu hula takriban nusu miligramu ya ualkali, ukiupima kama kalisi kabonati. Miligramu zako 190 zinadai karibu 95. Tuseme pipa bichi, baada ya kulirekebisha hadi 5.9, limebakiwa na ualkali wa 180 kwa lita: litalipa deni hilo na kubaki na 85, pH itashuka kidogo tu. Tuseme pipa lililochacha, lililorekebishwa hadi 5.9 hiyohiyo, limebakiwa na 60: deni halilipiki, na pH inaporomoka kuelekea 4.5. Bika mbili zimeandikwa sawa kwenye jedwali, "pH 5.9, shabu 190", lakini yanayotokea ndani yake ni mambo tofauti kabisa. Katika ya kwanza alumini inafanya kazi ya kuua chaji na kukusanya chembe, kazi ambayo huiweza zaidi pH ikiwa kati ya 6 na 7, pale ambapo haidroksidi yake haiyeyuki kirahisi. Katika ya pili sehemu kubwa ya alumini imebaki imeyeyuka, na aliyesafisha maji ni asidi iliyoigandisha kaseini.

Ndiyo maana nashuku kwamba Ijumaa ile sehemu ya sifa za shabu ilikuwa ya uchachu. Kuithibitisha shuku hii ni rahisi. Kwenye maelezo yako sijaona bika isiyotiwa shabu. Weka moja: maji yaleyale, asidi kidogokidogo hadi pH ifike ile uliyoiona *mwishoni* kwenye bika yenye shabu, kukoroga kulekule, kutuama kulekule. Ikisafika karibu sawa, umepata jibu. Na usiishie kwenye mashine ya NTU, inama utazame. Mabonge ya shabu ni laini kama pamba iliyochambuka, yanashuka taratibu na kuyumba ukigusa meza. Kaseini iliyogandishwa na asidi huja kama vipande vyeupe vizito, vingine vimenata kwenye pala la kikorogeo. Ukishaziona zote mbili sambamba hutazichanganya tena.

Kuhusu kurudia mara tatu, naomba ulipokee hili kwa utulivu maana linakutwa kwenye tasnifu nyingi. Kupima bika moja mara tatu kunakueleza jinsi mashine inavyotetereka. Hakukuelezi bika nyingine, iliyotiwa shabu upya kutoka kwenye maji ya siku nyingine, ingetoa nini. Bika zako tatu za katikati ni marudio halali, lakini zote ni za Jumatano, za pipa moja. Programu ilitumia tofauti ndogo kati yao, pamoja na masalia ya mlinganyo kwenye pipa hilohilo, kama kipimo cha bahati mbaya yote inayoweza kutokea duniani, ndiyo maana kila kizidisho, yaani namba inayozidisha kigeu kwenye mlinganyo, kilionekana na uhakika mkubwa. Tofauti halisi, kati ya pipa na pipa, umeiona mara moja tu: siku ulipopata 71. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo data yenye thamani kuliko zote ulizonazo.

Kosa hili lina historia. Box na Wilson walipoandika kuhusu mbinu hii ya kutafuta hali bora kwa mlinganyo wa daraja la pili mwaka 1951, na Box na Behnken walipoleta mpango wao mwaka 1960, mazingira yaliyowazaa yalikuwa ya viwanda vya kemikali, ambako malighafi ya leo hufanana sana na ya jana. Majitaka yanafanana zaidi na shamba. Mwanatakwimu Ronald Fisher, akiwa kituo cha kilimo cha Rothamsted nchini Uingereza miaka ya 1920, alikuta udongo unabadilika kutoka kona moja hadi nyingine. Jawabu lake lilikuwa kugawa shamba katika mafungu, kuweka kila aina ya mbolea ndani ya kila fungu, na kupanga mahali pake kwa nasibu. Pipa lako ni fungu. Wewe ulilima kona moja tu ya shamba, tena kwa mstari.

Nije kwenye ushauri uliopewa. Msimamizi wako yuko sahihi kwamba majaribio yaongezwe, ila kuongeza bika kwenye mpango uleule kutoka pipa moja jipya kutakupa mlinganyo mwingine mzuri wa pipa hilo, kisha pipa la tatu litakuaibisha tena. Mtandao wa neva siuchukii. Kwenye mtambo wenye vipimo vya kielektroniki vinavyorekodi kwa maelfu ya saa, unafanya kazi nzuri. Lakini mtandao mdogo wenye vigeu vitatu, neva 10 za katikati na jibu moja una namba 51 za kutafutwa. Kwa bika 15 utakariri kila kitu, ikiwemo siku za wiki. Njia ya tatu, kuandika modeli ya kemia yenyewe, ni nzuri na ningependa uifikie siku moja, ila wiki nne hazitoshi. Hata modeli maarufu ya tope amilifu (kusafisha majitaka kwa vijidudu) ya mwaka 1987, ASM1, yenye vigeu 13 na michakato minane, humtaka mtumiaji kwanza ayachambue maji yanayoingia kabla haijamtabiria lolote. Hakuna modeli inayokuepusha na kuyajua maji yako.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Muda wa kukoroga ningeutoa, mradi vizidisho vyake kwenye mlinganyo wako ni vidogo kama ninavyotarajia. Uufunge kwenye dakika 20. Vinabaki vigeu viwili: shabu, na pH *baada* ya shabu kuingia. Mlinganyo wa daraja la pili wa vigeu viwili una namba sita tu. Kikorogeo cha kawaida kina nafasi za bika sita, na hapa mambo yanakaa vizuri ajabu. Raundi ya kwanza: pembe nne za mraba (shabu 80 na 220, pH 5.5 na 7.0) na bika mbili za katikati (150 na 6.25). Raundi ya pili: pointi nne za nje, umbali wa mara 1.414 kutoka katikati, yaani shabu takriban 50 na 250 kwa pH 6.25, na pH takriban 5.2 na 7.3 kwa shabu 150, pamoja na mbili za katikati tena. Kwa umbali huo hasa, tofauti kati ya raundi na raundi haiingii kwenye vizidisho vyako. Bika 12 kwa pipa, raundi mbili, siku moja, kabla maji hayajachacha. Mpangilio wa bika ndani ya raundi uupigie kura.

Rudia kwa mapipa matatu yaliyochotwa siku tofauti. Zitakuwa bika 36. Ukitoa namba sita za mlinganyo na tano za tofauti kati ya raundi sita, zinabaki 25 za kuupinga, badala ya tano za mwanzo. Kisha chota pipa la nne ambalo modeli haijawahi kuliona, andika utabiri na mipaka yake kwenye daftari *kabla* ya kukoroga, na ufanye bika sita.

Kupata pH unayoitaka baada ya shabu kunahitaji uvumilivu. Chukua mililita 200 za pipa la siku hiyo, tia shabu kwa kiwango kilekile, kisha ongeza kostiki soda, au asidi kama pH bado iko juu, tone kwa tone mpaka pH ifike unapotaka. Andika kiasi, kipigie hesabu ya bika kamili, na kwenye jaribio lenyewe kitangulize kabla tu ya shabu. Haitakaa sawasawa 6.25 kila mara. Usijali, pima pH mwisho wa kukoroga kwa kasi, na namba uliyoipima ndiyo uiingize kwenye mlinganyo. Kwa kila pipa pima pia ualkali na ukungu wa mwanzo. Mapipa matatu ni machache kwa kuweka ualkali ndani ya modeli kama kigeu, lakini yatatosha kumwonyesha msomaji modeli yako ni halali kwa maji ya namna gani.

Zile bika 15 za kwanza na zile tatu zilizokuumiza zisitupwe. Ziweke kwenye sura ya matokeo, kwa uwazi, na ueleze kilichotokea. Mtahini anayeijua kazi hii atakuheshimu kwa sura hiyo.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatakutosha. Kabla ya kuchota pipa la kwanza, kaa ana kwa ana na mtu wa takwimu chuoni kwako kwa saa moja, ukiwa na mpango huu mkononi. Akikuona baada ya majaribio hatakuwa na la kukusaidia zaidi ya kukupa pole. Nenda pia kiwandani ukaongee na msimamizi wa zamu, umuulize ratiba ya kuosha mabomba. Viwanda vya maziwa huosha kwa kostiki kisha kwa asidi, na pipa lililochotwa nusu saa baada ya kostiki ni maji mengine kabisa. Mapipa yako matatu yachote kwa makusudi katika nyakati tofauti za ratiba hiyo.

Na pipa la wiki iliyopita, kama bado lipo limefunikwa, usilifungue peke yako wala kulimwagia asidi kwenye meza ya wazi. Majitaka ya protini yaliyokaa bila hewa hutengeneza haidrojeni salfaidi, na asidi huifukuza itoke majini. Pua huisikia mwanzoni, kisha ikizidi inazoea na kuacha kuisikia, na hapo ndipo inapoua. Mwite fundi wa maabara, mlifungue pamoja ndani ya kabati la kuvutia hewa chafu. Chukueni lita moja tu, pimeni ualkali, kisha mlinganishe na lita moja ya maji ya leo. Niandikie namba hizo mbili.